Hard disk ya baba mkwe iliyokuwa inapotea yenyewe: nilivyoikamata Iyunga

Wakuu, za muda huu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu. Nachungulia jukwaa la teknolojia, nacheka na ubishi wenu, naondoka. Leo nimeona nami nishushe uzi, maana nimeshinda vita na kukaa kimya kumenishinda. Yote nitakayoandika yametokea. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu ukoo wa mume wangu nao wana simu na bando.

Mafundi mtakaolijua jibu kabla sijafika mwisho, nawaomba mvumilie. Najua mtalijua. Mimi sikulijua, na nilikuwa na sababu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mhehe, kwetu ni karibu na Tosamaganga, nimeolewa Mbeya kwa Wanyakyusa. Nina kijiduka cha stationery Mwanjelwa: photocopy, kuchapa barua, passport size, lamination. Sijasomea ufundi, ila printa ikigoma naifungua mwenyewe, na majirani wananiita fundi. Nimeizoea hiyo heshima, sikatai.

Wakwe zangu wanaishi Iyunga. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani.

Hapa nisimame kidogo, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, haongei naye. Siku hizi familia nyingi za mjini zimelegeza. Ya kwetu haijalegeza hata nati moja. Mzee akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni.

Na msidhani ni chuki. Ni heshima, tena ya pande zote mbili, maana yeye naye ananikimbia vilevile. Kuna siku tulikimbiana tukaja kukutana nyuma ya nyumba, kila mmoja akidhani amefanikiwa kumkwepa mwenzake. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo mama mkwe ndiye anayebeba maneno kati yetu. Mzee anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, na majibu yanarudi njia hiyo hiyo. Shikeni hapo.

Sasa twende kwenye kompyuta.

Mzee ana kompyuta ya mezani, mashine nzito ya zamani ambayo ofisi fulani iliiuza ilipobadilisha vifaa. Tangu astaafu kazi yake ilikuwa kuhamisha kanda zake za kwaya kuingia humo. Anachomeka redio kaseti kwa waya, anabonyeza play huku, anabonyeza record kule, anakaa na miwani yake mpaka upande A uishe. Mume wangu ndiye aliyemfundisha, na mzee alipokea mafunzo kama mwanafunzi mwenye adabu.

Kanda zikawa nyingi, disk ikajaa. Ujumbe ukaja kupitia kwa mama: "Mama Neema, baba yako anasema kompyuta imeshiba, haili tena."

Kipindi hicho nilikuwa naenda kwetu kusalimia. Nikapitia Iringa mjini kwa Mzee Gulamu, Mhindi mmoja wa duka la vifaa vya umeme na kompyuta. Amezaliwa hapo hapo na Kihehe chake kinawashinda wanangu. Nikanunua hard disk ya ndani, mpya, imefungwa, ina waranti.

Kuifunga ilikuwa kazi ndogo. Mzee aliondoka kwenda kanisani ili nipate nafasi. Nikafungua CPU, nikafuta vumbi la kutosha kupanda mchicha, nikaifunga disk kwa skrubu, nikachomeka waya wa umeme na waya wa data kwenye nafasi ya pili ya motherboard.

Nikawasha. Disk haionekani.

Sikuogopa. Mashine hizi za ofisi zina tabia hiyo: ndani ya setup, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine, nafasi ambayo haina kitu huwa imezimwa tangu kiwandani. Nikazima, nikawasha tena huku nikitandika F2 mfululizo, nikaingia setup, nikaikuta SATA-1, ndiyo ile nafasi ya pili, imeandikwa OFF. Nikaiweka ON, nikasevu, nikatoka. Disk hiyo hapo. Nikaiformat, nikaipa jina KWAYA, nikamwachia mama maelekezo na nikaondoka nikipiga mluzi. Wanawake wa kwetu hatupigi mluzi, ila siku ile niliupiga.

Mzee alifurahi. Mama alinipigia kusema ameimba bafuni.

Haikupita muda mrefu, simu.

"Mama Neema, ile disk mpya imepotea."

"Imepoteaje mama?"

"Baba yako anasema jana ilikuwepo, leo haipo. Anasema pole kwa usumbufu."

Nikaenda. Mzee, kwa ustaarabu wake, alikuwa ameshaniwashia mashine kabisa kabla hajatoka, nisihangaike. Nikairestart, nikaingia setup. SATA-1: OFF.

Hapo nikakunja uso. Mimi niliiweka ON kwa mkono wangu. Nani ameingia humu? Anayeitumia mashine hii ni mtu mmoja tu.

Wakuu, mtu huyo ndiye mtu pekee duniani ambaye siruhusiwi kumuuliza swali.

Nikajaribu kupitia kwa mama, kwa upole wote niliokuwa nao. "Mama, naomba umuulize baba kama kuna mahali alibonyeza kwa bahati mbaya." Mama akapeleka. Sijui aliupeleka kwa maneno gani, lakini jibu lilirudi baridi: "Anasema yeye amefundisha watoto wa watu hesabu, anajua cha kubonyeza na cha kutobonyeza."

Nikajua nimemuudhi. Nikaweka ON, disk ikarudi, nikaomba radhi kwa njia ya mama, nikaenda zangu.

Ikapotea tena.

Safari hii nilikuja na waya mpya wa data. Nikahamisha disk kutoka nafasi ya pili kwenda ya tatu, nayo niliikuta OFF, nikaiwasha. Nikakaza kila kitu. Ikafanya kazi vizuri, nikakaa nayo mchana mzima, nikaizima na kuiwasha mara nyingi tu, haikupotea. Nikaaga kwa kujiamini.

Wiki hiyo hiyo ikapotea.

Kilichoniuma ni kwamba nikiwepo mimi inatulia, nikigeuza mgongo inatoweka. Mume wangu akaanza utani kwamba disk nayo ni mkwe, inatukimbia. Sikucheka. Nilishaanza kusikia kupitia kwa mama kwamba mzee haulizi tena kompyuta, anakaa tu nje anaangalia migomba.

Nikajiaminisha kwamba disk ndiyo mbovu, kwamba ndani kuna kitu kinalegea na mashine inaamua kuizima yenyewe. Mafundi mnaosoma hapa mnashika vichwa, najua. Lakini waranti ya Mzee Gulamu ilikuwa inakaribia kuisha, na mimi nilitaka mzee apate disk nyingine nzima kabla sijachelewa. Nikapita Iyunga wakati wakwe wote wawili wako shambani, binti wa kazi akanifungulia, nikaichomoa disk, nikapanda basi la Iringa. Sikumwambia mtu. Nyimbo zilizomo sikuzihofia, niliamini kanda zake bado zipo. Nilitaka nirudi na mpya niwafanyie sapraizi.

Nikalala kwa mama yangu, asubuhi nikawa dukani.

"Kamwene, dada!" Mzee Gulamu alinipokea kwa furaha kama kawaida yake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, duka giza, yeye amewasha tochi ya simu.

Nikamweleza. Akaigeuza geuza mkononi.

"Siwezi kuipima, umeme hamna. Ila waranti yako inaisha leo na wewe mteja wangu. Chukua mpya, hii naituma Dar na mzigo wa leo."

Nikamshukuru, nikabeba disk mpya, nikashuka stendi nikiwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimeshapata kiti dirishani, naagiza mahindi ya kuchemsha, mama mkwe akapiga.

"Mama Neema, ile disk iko wapi?"

"Nimeirudisha dukani mama, ilikuwa mbovu. Nimepewa mpya kabisa!"

Nikaita haloo, haloo. Nilidhani mtandao.

"Gwe mwanangu," akasema taratibu. "Atupele yumo humo."

Wakuu, niwaeleze Atupele ni nani. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa mzee. Alifariki kabla mimi sijaingia katika ukoo huu. Ninamjua kwa picha moja iliyoko sebuleni na kwa jinsi nyumba nzima inavyoshusha sauti akitajwa. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya baba yake.

Kumbe kati ya zile kanda kulikuwa na moja ambayo mzee alimrekodi akiimba peke yake. Aliihamisha kwenye disk mpya, na alipoirudisha nyuma aisikilize tena kwenye redio, redio ikaitafuna. Kanda ikatoka vipande. Hakumwambia mtu zaidi ya mkewe, maana alitaka kuwasikilizisha watoto wake wote Pasaka wakikusanyika. Kwa hiyo sauti ya Atupele duniani ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, na mahali penyewe nilikuwa nimepaacha kwenye kaunta ya Mzee Gulamu ili pasafirishwe Dar kama takataka.

Ndiyo maana mzee alikuwa anakaa nje anaangalia migomba. Na mimi nilikuwa nadhani amenuna.

Nilishuka kwenye lile basi sijui vipi. Kuna mtu nilimkanyaga, kama yumo humu anisamehe. Nikapandisha mlima kwa miguu mpaka dukani, pumzi hakuna.

Boksi la Dar lilikuwa limeshafungwa kwa gundi, liko mlangoni linasubiri mchukuzi.

"Mzee Gulamu, fungua! Nirudishie ile mbovu!"

"Dada, watu wote wanataka nzima, wewe unataka mbovu?"

Nikamwambia, kwa kifupi tu, kilichomo. Hakuuliza tena. Alichukua kisu akapasua lile boksi mwenyewe, akachambua mpaka akaipata, akaifuta kwa shati lake. Kisha akanitazama.

"Lazima nikwambie ukweli. Ukiondoka na hii leo, waranti imekwisha. Ikifa, imekufa mkononi mwako."

"Imekufa mkononi mwangu," nikasema. Nikamrudishia mpya yake.

Nilisafiri na ile disk nimeifunga ndani ya kitenge nimeipakata. Makambako watu walishuka kununua vitu, mimi sikunyanyuka hata kwenda msalani.

Mtaniuliza, kwa nini hukuipeleka kwanza kwako Mwanjelwa ukaipima? Dukani kwangu kuna laptop na printa tu, na disk ya namna hii haichomekwi kwenye laptop hivi hivi. Na fundi jirani? Sikutaka mkono wa mtu mwingine yeyote uiguse. Niliamini inakufa, na kama inakufa, ife mbele ya wenyewe.

Kesho yake nikaenda Iyunga.

Safari hii mzee hakuondoka. Mama alinipokea mlangoni, akaninong'oneza: "Amegoma kutoka. Yuko chumbani, nyuma ya pazia." Kati ya sebule na ukumbi wa vyumba kuna pazia zito la maua. Niliona ncha za kandambili zake chini yake. Nikageuza kiti nikalipa pazia mgongo, nikaanza kufungua CPU.

Mama akasimama katikati kufanya kazi yake ya kupeleka maneno.

"Anauliza imepona?" mama akasema, wakati mimi nimeshamsikia mzee mwenyewe.

"Mwambie ndiyo naiangalia."

"Anasema ndiyo anaiangalia," mama akaliambia pazia.

"Nimesikia," pazia likajibu.

"Anasema amesikia."

Tukaenda hivyo kwa muda. Halafu jikoni mbalaga ikaanza kuungua, ile harufu ya ndizi zilizoshika sufuria, na mama akatukimbia wote wawili.

Tukabaki. Mimi upande huu na bisibisi, yeye upande ule na kikohozi. Hakuna mjumbe.

Kisha nikasikia:

"Kompyuta."

Nikaacha kukaza skrubu.

"Kompyuta, mwulize fundi wako anataka kujua nini, nimjibu."

Nilishasikia kwamba wazee wakikosa mjumbe wanaongea na kuku, au na mtoto mchanga, ili mlengwa asikie. Sikuwahi kusikia wa kuongea na CPU. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Kompyuta," nikasema huku nimeikodolea macho motherboard, "mwambie baba shikamoo."

"Mwambie marahaba."

Ilikuwa salamu yetu ya kwanza tangu niolewe.

Nikapata ujasiri. "Kompyuta, baba akimaliza kazi zake anakuzimaje?"

"Mwambie nazima kama nilivyofundishwa, kwa menyu, nasubiri mpaka taa izime. Sijawahi kukuonea."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo basi. Labda wingu likitanda. Wingu likitanda nachomoa waya ukutani. Radi ya huku ilishatuunguzia televisheni, siwezi kucheza nayo."

Bisibisi ikanidondoka.

"Kompyuta! Baba akichomeka tena baada ya mvua na kukuwasha, unamwonyesha nini kwanza?"

"Yale maandishi meupe ya Kiingereza. Nabonyeza F1 yanaondoka. Yapo miaka yote. Halafu narekebisha saa, maana mvua ikinyesha tu hii mashine inarudi mwaka ule ilipotengenezwa. Nilimwambia mama yako akwambie."

"Mama hakuniambia!"

"Niliona ni upuuzi!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Saa ya kompyuta na disk vinahusiana nini?"

Vinahusiana, wakuu. Vinahusiana kabisa.

Kwa wasiojua: ndani ya motherboard kuna kibetri cha duara, kama sarafu. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya setup wakati mashine haina umeme. Kikifa, mashine ikiwa imechomekwa ukutani hutagundua kitu, hata ukiizima, maana waya wa ukutani bado unaipa umeme kidogo. Ukichomoa tu, inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Na mipangilio ya kiwandani ya mashine ile ilikuwa inasema SATA-0 ON, nyingine zote OFF.

Disk ya zamani iko SATA-0, ndiyo maana haikupotea hata siku moja. Mpya ilikuwa inazimwa kila radi inaponguruma.

Na mimi yale maandishi meupe sikuwahi kuyaona, kwa sababu mzee alikuwa ananiwashia mashine kabla sijafika, kwa heshima. Siku ya kufunga disk sikuchomoa waya wa ukutani, na siku nyingine nikiiwasha mwenyewe nilikuwa natandika F2, nayo yananipita. Hata kwetu Tosamaganga mvua ikija tulikuwa tunachomoa redio na kufunika vioo, jambo la kawaida kabisa. Lakini nani angefikiria kulitaja? Ni kama kutaja kwamba unafunga mlango ukilala.

Disk haikuwa mbovu. Haikuwa mbovu hata siku moja!

Nilisimama nikapiga kigelegele humo sebuleni. Mama akatoka mbio na mwiko.

"Mama, nataka kibetri cha duara, haraka!"

Mama ana mzani mdogo wa kielektroniki wa kupimia unga, anaoka keki za harusi. Nikaufungua, kibetri saizi ile ile.

"Na keki zangu?"

"Mpe!" pazia likasema kwa sauti ya mwalimu wa kwaya.

Nikabadilisha kibetri, nikarudisha disk, nikachomeka umeme, nikaingia setup, nikaweka tarehe, nikaweka ON, nikasevu. Ikawaka. KWAYA hiyo hapo, imejaa mafaili yake.

Nilikuwa nimeshika flash nianze kukopi ndipo radi ikapiga. Si ngurumo ya mbali, ni ile inayopasua, madirisha yakatetemeka.

Mzee akasahau kila kitu. Mazoea ni mazoea. Pazia likafunguka, akatoka mbio kuelekea soketi, na mimi nikajifunika kitenge kichwa kizima nikageukia ukuta. Nikasikia miguu, nikasikia waya unachomolewa, nikasikia miguu ikirudi nyuma nyuma. Mama anasema mzee alikuwa amefumba macho njia nzima na ndiyo maana aligonga stuli.

Lakini mimi roho ilikuwa imeshaniruka. Disk ilikuwa inazunguka na umeme umekatwa ghafla. Kilichobaki cha Atupele kilikuwa humo, na sijakopi hata herufi.

Mvua ya Iyunga mnaijua. Ilinyesha kwa hasira, bati likawa halisikilizani na mtu. Mama akafunika kioo. Tukakaa. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na kusema kweli sikuwa naomba kuhusu kibetri.

Ilipokata, mama akafungua dirisha, harufu ya udongo ikaingia. Nikachomeka waya. Nikabonyeza.

Hakuna maandishi meupe. Hakuna F1. Saa ya kweli, tarehe ya leo.

KWAYA ipo.

Mama alinirukia shingoni na mwiko wake. "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana!" Nikakopi lile faili lenye jina la Atupele kwanza kwenye flash, nikaitia flash kifuani, ndipo nikauliza:

"Kompyuta, muulize baba kama nifungue."

Kikohozi. Kisha: "Mwambie afungue."

Kwanza ni mkwaruzo wa kanda. Halafu kinanda kidogo. Halafu msichana akaanza kuimba, sauti nyembamba, safi, haina haraka. Mama akakaa sakafuni. Mimi sikuwahi kumwona yule dada, lakini nilijua mara moja mume wangu katoa wapi namna yake ya kuvuta maneno.

Katikati ya ubeti wa pili akakosea. Akasita, akacheka kicheko cha aibu, na akasema waziwazi kwenye kanda:

"Baba, nimekosea. Nirudie?"

Na nyuma ya pazia, mzee, ambaye sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ya namna ile, akamjibu:

"Rudia, mwanangu."

Akarudia. Safari hii hakukosea mpaka mwisho.

Wakuu, nimeshawahi kufufua printa zilizokataliwa na mafundi watatu tofauti. Hakuna ushindi nitakaoulinganisha na huu. Baadaye nilituma kuuliza kama nikate pale alipokosea ili wimbo uwe safi. Jibu lilikuja bila kupita kwa mama: "Kompyuta, mwambie akithubutu."

Pasaka tuliusikiliza ukoo mzima, watu wamejaa sebuleni mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi, nikasikia kila neno. Nakala moja iko kwa mume wangu, moja kwa mama yangu Iringa, na Mzee Gulamu aliponipigia kuuliza ile mbovu inaendeleaje nilimwambia ni nzima kuliko mimi na yeye. Alipiga makofi kwenye simu.

Nilichojifunza: mashine ya zamani ikikataa kifaa kipya, usikikimbilie kifaa. Angalia saa yake. Ikiwa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, badilisha kibetri kwanza, kisha ndiyo uanze kulaumu watu. Kitu cha thamani usikiache sehemu moja, kikopi leo. Na ukitaka kujua kompyuta inaugua nini, tafuta namna ya kumuuliza anayekaa nayo kila siku, hata kama mila inakutaka uzungumze na boksi.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi, nikosoeni. Na wenye wakwe msioongea nao, semeni hapa mnawasiliana vipi, nasoma kila comment.